Kioo cha Nyuma cha Gari la Bwana Aboud

Siku mliponiaga pale gerejini Mokowe, mmoja wenu alisimama na chupa ya soda mkononi akasema kwamba katika miaka yote niliyofanya kazi ya umeme wa magari, hakuna gari hata moja lililorudi kwa kosa la mkono wangu. Mlipiga makofi. Mimi nilitabasamu, nikaendelea kula pilau yenu. Naandika haya kwa sababu mliambiwa jambo lisilo kweli, na mtu pekee aliyejua kuwa si kweli alikuwa amekaa palepale akitafuna.

Sitawaeleza nilivyopanda cheo wala nani alinipandisha. Hayo hayajawahi kumsaidia mtu kufungua mlango wa gari. Nitaanza na mlango.

Nilifika Mokowe kutoka Kitui nikiwa na miaka ishirini na sita, cheti cha umeme wa magari na begi moja. Nilikuwa nimeambiwa kazi iko Lamu. Hakuna aliyenieleza kwamba kule kisiwani Amu, ndiyo Lamu yenyewe, punda wawili wakikutana kichochoroni mmoja lazima arudi nyuma, na kwamba mwenye gari analiacha huku bara, anavuka kwa boti, ndipo analiendesha. Gereji yetu ilikuwa hatua chache kutoka gatini. Magari yote tuliyotengeneza yalikuwa yamelala usiku na mchana yakipigwa na upepo wa chumvi, yakiwangoja wenyewe.

Fundi mkuu alikuwa Lali, mwenyeji wa Chundwa kisiwani Pate, mtu mwembamba aliyevaa kofia iliyokuwa nyeupe kabla ya kukutana na grisi. Alinitazama kuanzia viatu.

"Wewe ndiwe fundi wa umeme kutoka bara?"

"Ndiyo, mzee."

"Ndoo. Nifungulia mlango huu."

Nilichukua muda kuelewa kwamba "ndoo" yake ni njoo, maana kwao nj ya njoo na njia hugeuka nd. Nikashika kitasa, nikaufungua mlango wa gari. Lali alicheka mpaka akakaa chini. Alitaka nifungue mlango wenyewe, yaani nivue lile gamba la ndani nione matumbo yake. Nikachukua bisibisi nikaanza kulibenua, na klipu tatu zikavunjika moja baada ya nyingine. Hakunigombeza. Aliingia ndani akatoka na mwiko wa kusongea ugali, ameuchonga ncha ukawa mwembamba kama ulimi.

"Huu ni wa mke wangu," alisema. "Yeye adhani umepotea. Chuma chavunja, mti wabembeleza. Tia hapa, kando ya klipu, kisha pindua polepole."

Mwiko ule niliutumia miaka mingi. Nimeona mafundi wenye vifaa vya kununuliwa wakirarua magamba ya milango niliyokuwa nikiyavua bila kuacha alama.

Kazi yangu hasa ikawa vioo vya umeme, kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Magari ya zamani yenye vioo hivyo yalikuwa machache, lakini hayo machache yalirudi kila mara. Lali alinifundisha kwamba fundi mvivu, kioo kikisita, hulaumu mota. Mara nyingi mota haina kosa. Chini ya kila mlango kuna vitundu vya kutolea maji, na mchanga ukiviziba, maji ya chumvi hukaa humo kama kwenye mtungi na kuanza kula mashine kutoka miguuni. Juu nako, ile njia ya raba ambamo kioo hupita hukauka ikawa ngumu, na kioo hupanda kikiwa kimekwama kama mtu anayevaa shati linalombana. Safisha vitundu. Safisha njia ya raba. Legeza boliti zinazoshika kioo, kipandishe mpaka juu, kiache chenyewe kitafute mahali pake, ndipo ukaze. Kisha chukua kipande cha gazeti, kibane kati ya kioo na raba, ukivute. Kikitoka bure upande mmoja, bado hujamaliza.

Jaribio la mwisho la Lali lilikuwa gunzi la hindi. Alilisimamisha juu ya ukingo wa kioo, akabonyeza swichi, akahesabu kwa sauti. Ndani ya mota za magari yale kuna kidude kidogo kinachokata umeme kioo kikikwama. Lali alitaka kukisikia kikikata kabla hajafika saba. Gunzi likipasuka naye bado anahesabu, gari haliondoki.

"Kioo hakina mato," aliniambia, akimaanisha macho. "Hakijui kama hili ni gunzi au ni mkono wa mtu."

Kesi ngumu zilikuwepo. Daktari mmoja wa mifugo alikuwa na gari ambalo kioo cha dereva kilishuka chenyewe kila alipopita kwenye shimo. Nilihangaika nacho siku mbili, nikabadilisha swichi, nikafuata nyaya zote, mpaka nikagundua kwamba nyigu walikuwa wamejenga nyumba ya udongo kwenye reli, kioo kikawa hakikai vizuri kwenye meno ya mashine. Nyigu walinifundisha unyenyekevu kuliko chuo. Lakini kesi niliyokusudia kuwaeleza haikuwa ngumu. Ingekuwa ngumu labda ningeifanya vizuri.

Bwana Aboud alikuwa mfanyabiashara mstaafu wa Mkomani, mtaa wa kule Amu. Alikuwa na gari la Kijerumani la zamani, rangi ya maziwa, milango minne, vioo vyote vya umeme, na swichi zote katikati karibu na mkono wa dereva. Kila Alhamisi alivuka na mkewe, Bi Rukia, wakapanda gari lao, wakaenda mpaka miji ya Hindi au Mpeketoni kununua maembe na kurudi. Bi Rukia alikaa nyuma siku zote. Alisema mbele kuna kelele za mumewe. Alikuwa mshonaji wa kofia, zile za mkono zenye vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja, na hata garini alikuwa akishona. Watu wa Amu wakiona kofia yake kichwani mwa mtu msikitini walijua ni ya nani kabla ya kuuliza.

Mwezi wa Desemba, miaka kumi na tisa iliyopita, Bwana Aboud alituletea gari. Kioo cha nyuma upande wa kulia kilikuwa kikipanda nusu na kusimama. Ukikingoja kidogo kinaendelea, kisha kinasimama tena. Lali alikuwa na miadi hospitalini Amu, macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Alikwenda na boti ya mchana.

"Anza nalo," aliniambia. "Lakini usiufunge mlango kabla sijauona."

Nilivua gamba la mlango. Ugonjwa niliuona mara moja. Njia ya raba ilikuwa imekauka kama kuni, kioo kilikuwa kimekaa upande, mota ikawa inasukuma mpaka inapata joto, na kile kidude kinakata. Kidude kilikuwa kinafanya kazi yake. Niliona pia kwamba swichi inanata. Ukiiachia, mara nyingine inabaki imebonyea kwa muda kabla ya kurudi. Kazi ya kweli ilikuwa kuing'oa raba yote, kuisafisha, kukipanga kioo upya, na kuifungua swichi. Kazi ya siku nzima.

Nami nilikuwa na tikiti ya basi la kesho yake asubuhi. Mabasi yalikuwa yakiondoka kwa msafara, askari mbele na nyuma, na ukikosa msafara umekosa siku. Mke wangu na watoto watatu walikuwa Kitui wakiningoja kwa Krismasi, na Krismasi ya mwaka uliotangulia sikwenda.

Basi nikafanya hivi. Nilipaka raba grisi. Nikaifungua mota, nikachukua kipande cha waya, nikakiunganisha kwa solda juu ya kile kidude ili umeme upite pembeni yake usikatwe tena. Fyuzi nikaweka kubwa zaidi. Swichi niliibonyeza mara kumi, ikanata mara moja, nikajiambia mara moja si kitu. Kioo kikapanda kwa nguvu, bila kusita. Gunzi sikulitafuta. Nilijua lingepasuka.

Nikaufunga mlango. Bwana Aboud alipofika jioni alibonyeza, akafurahi, akaniombea dua ya safari njema. Lali alirudi wakati wa magharibi, akakuta gari limeondoka.

"Umelimaliza?" aliniuliza.

"Nimelimaliza, fundi."

"Gunzi?"

"Lilikaa vizuri."

Hilo ndilo neno. Nimelirudia kichwani mara nyingi kuliko jina langu.

Alhamisi iliyofuata mimi nilikuwa Kitui nikila nyama ya mbuzi. Barabara ya Hindi ilikuwa na vumbi. Bwana Aboud aliona lori mbele, akabonyeza swichi zote za vioo. Bi Rukia alikuwa ameshika ukingo wa kioo chake kwa mkono wa kulia. Akapiga kelele. Mumewe akaachia swichi mara moja, lakini swichi ya nyuma ikanata, na kioo hakikusimama. Mota ilisukuma, na ndani yake hapakuwa na kitu cha kuikata. Bwana Aboud alisimamisha gari, akazima moto, akatoka kwenda kukishusha kioo kwa mikono. Vidole viwili vilivunjika, cha shahada na cha kati. Hospitalini walivifunga, vikapona vikiwa vigumu kama vijiti. Mtu aweza kula kwa mkono ule na kushika tasbihi. Hawezi kushika sindano.

Niliporudi mwezi wa Januari nilimkuta Lali amekaa kwenye benchi la kazi. Mbele yake palikuwa na kile kipande cha waya, na solda yangu bado inang'aa.

"Gari liliregeshwa," alisema. "Nimefungua mlango mwenyewe."

Niliweka begi langu chini.

"Bi Rukia amevunjika vidole. Bwana Aboud alikuja hapa na ghadhabu, na mpwa wake askari. Wauliza ni nani. Nimewaambia ni mimi, sikuona vizuri, mato yangu mabovu."

"Fundi, kwa nini?"

"Wewe ni mgeni hapa. Wangekutia ndani, na watoto wako wako skuli. Mimi ndia yangu imekwisha, hata kioo cha saa sikioni. Nyamaza tu."

Ningeweza kusema hapana. Boti zilikuwa gatini, Amu ni mwendo mfupi. Ningevuka siku ileile nikapiga hodi Mkomani. Lakini nitawaambia nilichohisi hasa, maana kama nitaficha na hili basi sina haja ya kuandika. Nilihisi nafuu. Nilimshukuru. Nilishika mkono wake kwa mikono yangu miwili, naye akauondoa taratibu, akaenda kunawa.

Lali aliitengeneza ile mota kwa kupapasa, akabadilisha swichi, akajaribu kwa gunzi, akamrudishia Bwana Aboud gari. Bwana Aboud akaliuza kwa mtu wa Malindi wiki hiyohiyo. Wenye magari wakaanza kuuliza wanapofika, "Ni Lali atakayelishika?" Mwisho wa mwezi alikusanya vyombo vyake akarudi Chundwa kulima. Mimi ndiye niliyeshika nafasi yake. Mafundi waliokuja baadaye niliwafundisha gunzi, kwa ukali sana. Baadhi yenu mlidhani ni mdomo tu. Sasa mnajua.

Nilikwenda Chundwa kumtazama mara moja tu, mwaka wa pili. Nilimkuta akipura simsim kwenye mkeka. Alifurahi, akaniuliza, "Vioo vyapanda?" Nikasema vyapanda. Tukaongea habari za mvua. Mkewe, Bi Mwanaisha, alituletea chai na mahamri. Jambo lile hatukuligusa, na nilipoondoka nilijua sitarudi, kwa kuwa sikuweza kukaa mbele ya mtu ambaye ananitendea wema bila kukoma. Miaka ikapita. Bwana Aboud alifariki. Mwaka jana nikapata habari kwamba Lali naye amefariki, amezikwa siku mbili kabla ya mimi kusikia.

Baada ya pilau yenu nilikaa wiki tatu. Kisha nikavuka kwenda Amu, nikapanda Mkomani, nikaulizia nyumba. Bi Rukia alinipokea kwenye daka, pale mlangoni wageni wanapokaa. Amezeeka, lakini ana sauti ileile iliyonyooka. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya mtandio.

Nilisema yote bila kupumzika. Waya, fyuzi, swichi, basi, Krismasi. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Nilikuwa hata nimejiandaa, Mungu anisamehe, kwa yeye kuniambia kwamba siku nyingi amekwisha sahau.

Alivuta mtandio juu ya ule mkono. Kisha akasema, "Wajua kwamba Lali alikuwa akija hapa?"

"Hapana, Bi Rukia."

"Kila Idi. Avuka kutoka Pate, asimama hapo ulipokaa wewe, ataka radhi. Mwaka wa kwanza nilimwambia simpi. Baada ya hapo nikawa namwambia binti aseme nimelala. Kila Idi, nimelala. Mwaka juzi alikuja akishikwa mkono, haoni kabisa. Nikamsikia kutoka juu akisalimia. Nikasema, mwambieni nimelala."

Nilitazama chini.

"Na wewe ulikuwa Mokowe," alisema. "Hapo ng'ambo. Siku ya uwazi naiona kutoka darini."

"Nilikuwa hapo."

"Mimi nakusamehe," alisema Bi Rukia, upesi, kama mtu anayeondoa kitu njiani ili apite. "Kwa Mungu, nakusamehe, vidole ni vidole. Lakini radhi ya Lali nilimnyima mtu asiye na kosa, akafa. Hiyo sasa nimpe nani? Ungekuja Idi moja tu kabla."

Nilikwenda kutua mzigo, na nilichofanya ni kumtwika mwanamke niliyekwisha mvunja. Hilo ndilo ninalotaka mlielewe ninyi ambao bado mna mikono kazini. Kosa la mlango ule lilichukua saa mbili. Lililofuata lilichukua miaka kumi na tisa, na kila siku ya miaka hiyo nilikuwa na nafasi ya kulitengeneza.

Bi Rukia aliinuka akasema, "Kesho twenda Chundwa."

Tulipanda boti ya asubuhi, yeye na mkwewe, mke wa mwanawe, wakakaa nyuma na wanawake, mimi mbele. Kutoka pale tuliposhuka kisiwani Pate tulichukua pikipiki, Bi Rukia amekaa upande akimkaripia dereva njia nzima. Bi Mwanaisha tulimkuta uani akipepeta mchele. Bi Rukia hakungoja salamu ziishe.

"Bi Mwanaisha, mimi ndimi Rukia wa Mkomani. Mwenye vidole. Nimekuja kukutaka radhi kwa ajili ya mumeo. Huyu atakwambia kwa nini."

Nikasimulia mara ya pili. Bi Mwanaisha aliuweka ungo chini. Nilidhani alijua, kwamba Lali alimwambia angalau yeye. Hakumwambia.

"Mimi mwenyewe nilimlaumu," alisema. "Ndani ya nyumba hii. Nilimwambia, Lali, ungeangalia, mato huna, kwa nini ulishika kazi ya watu? Watu walitucheka. Nilimwambia mara nyingi. Naye hunyamaza, atoka, enda kukaa nje."

Bi Rukia alianza kulia bila sauti. Bi Mwanaisha hakulia. Alinigeukia.

"Siku ile alikuwa wapi?"

"Hospitalini Amu. Kwa ajili ya macho."

"Basi hakuugusa mlango ule."

"Hakuugusa."

"Sema tena."

"Hakuugusa, Bi Mwanaisha. Ni mimi peke yangu."

Akaenda mlangoni akaita jirani kwa jina, kisha mwingine. Akaniambia niwaambie. Nikawaambia. Wakaja wanaume wawili waliotoka shamba na majembe yao, akaniambia nianze mwanzo, nisiruke ule waya. Nikaanza mwanzo. Uani pakajaa. Kila aliyeingia alinyamaza mpaka nikamaliza, na hakuna aliyenitukana, wala hakuna aliyenipa mkono. Adhana ya alasiri ikaadhiniwa, wanaume wakaenda kuswali, wakarudi na wengine.

Nilikuwa nimekauka koo. Bi Mwanaisha alinitilia maji kwenye kikombe cha bati, akaniwekea karibu na mguu. Mzee mmoja alikuwa ndiyo kwanza anaingia kwa mkongojo, akiuliza kuna nini.

"Kunywa," aliniambia Bi Mwanaisha. "Kisha umwambie na huyu."